Segond mkononi, Union masikioni: “na kufunga” ilitoka wapi?

Katika makanisa mengi ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka Ibanda hadi Bagira, mahubiri hutembea kwa miguu miwili. Mhubiri anasoma Kifaransa katika Biblia ya Louis Segond ya 1910, na pembeni yake mkalimani anatoa Kiswahili. Mkalimani akiwa na Biblia mkononi, mara nyingi ni ile ya Union ya 1952. Asipokuwa nayo, anatoa kichwani. Sasa tuchukue juma la maombi ya kufunga, na mhubiri anafungua Marko 9:29. Segond inasema pepo wa namna ile hatoki “que par la prière”, yaani kwa maombi, basi. Mkalimani, ambaye aya hiyo ameisikia mara mia, anatamka bila kusita: “ila kwa kuomba na kufunga.” Watu wanaitikia amina.

Hakuna aliyedanganya hapo. Mkalimani hakukusudia kuongeza kitu, na ukimrudisha nyuma ataapa kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Sikio lake limezoea maneno hayo mawili yakienda pamoja, na mdomo umefuata sikio. Anayetaka kujua nakala za kale za Biblia zilipataje tofauti zake asiende mbali kutafuta: mwandishi wa kale aliyekaa na kalamu yake alifanya jambo lilelile.

Ushahidi wake unaonekana kwa macho. Kodeksi Sinaiticus na kodeksi Vaticanus, vitabu viwili vya ngozi vya karne ya 4, vinaishia kwenye “maombi” katika Marko 9:29. Katika Sinaiticus, mkono mwingine, wa baadaye, umeongeza “na kufunga”. Tukienda Mathayo 17, aya ya 21 yote haimo katika vitabu hivyo viwili, na humo pia Sinaiticus imeongezewa na mkono wa baadaye. Nakala nyingi zaidi, baadhi zikiwa za zamani, zina maneno marefu katika Marko. Basi kwa nini wachambuzi wengi, wanaolinganisha nakala hizo, wanashikilia yale mafupi? Kwa sababu ni vigumu kueleza kwa nini mtawa anayefunga kila juma angefuta neno la kufunga. Kueleza kwa nini angeliongeza ni rahisi. Tena halikuongezwa mahali pamoja tu. Katika 1 Wakorintho 7:5, Paulo anaposema mume na mke wanaweza kuachana kwa muda ili wapate nafasi ya kusali, nakala za baadaye zinasema “kufunga na kusali”. Katika Matendo 10:30, Kornelio aliyekuwa akisali anageuka kuwa Kornelio aliyekuwa akifunga na kusali. Neno moja linaingia mahali pane, kila mara kandokando ya sala. Huo ni mkondo, na mkondo una chanzo: maisha ya sala ya watu waliokuwa wakinakili.

Ajabu ni kwamba Biblia zetu mbili hapa hazigombani sana. Union, katika Marko 9:29, inasema “isipokuwa kwa kuomba”, sawa na Segond. Katika Mathayo 17:21 zote mbili zina kufunga. Tofauti ni kwamba Segond ya 1910 imeiacha aya hiyo wazi kama aya nyingine, na Union imeiweka ndani ya mabano. Mabano yale yana kazi: yanamwambia msomaji kwamba maneno haya hayamo katika baadhi ya nakala za kale. Lakini mabano hayana sauti. Aya ikisomwa mimbarani, alama yote inabaki kwenye karatasi, na aliye benchi la nyuma anapokea maneno yenye mashaka kwa uzito uleule wa maneno yasiyo na mashaka. Watafsiri walifanya kazi yao ya uaminifu, na sisi tunaifuta kila Jumapili kwa kusoma kwa sauti.

Je, kufunga kumeondolewa kwenye imani? Hapana. Mathayo 6:16-18 ipo katika nakala zote kubwa, na katika Matendo 13:2-3 kanisa la Antiokia linafunga kabla ya kuwatuma Barnaba na Sauli. Anayetaka kuhubiri kufunga ana mahali pa kusimama. Asichoweza ni kutumia Mathayo 17:21 kama sheria ya idadi ya siku ambazo mgonjwa lazima akae bila kula ndipo pepo atoke. Ubao huo ulipigiliwa baadaye, na si haki kumpandisha juu yake mtu aliyekwisha dhoofika.

Ugomvi mwingi kuhusu tafsiri unatokana na kuchanganya mambo matatu. Biblia mbili zinaweza kutofautiana kwa sababu hazikutafsiriwa kutoka maneno yaleyale ya Kigiriki au Kiebrania. Zinaweza kutofautiana ingawa maneno ya asili ni yaleyale, ila watafsiri wameyaelewa kwa njia mbili. Na zinaweza kukubaliana kabisa, tofauti ikawa kwenye Kiswahili chenyewe. Mtu anayesema “hii imepunguzwa” anazungumzia jambo la kwanza, lakini mara nyingi aya aliyoshika ni ya jambo la pili au la tatu.

Mfano safi wa jambo la kwanza ni 1 Yohana 5:7-8. Mwenye Union anasoma habari za mashahidi watatu mbinguni, Baba na Neno na Roho Mtakatifu, tena ndani ya mabano. Mwenye Segond haoni mbingu wala Baba. Anaona Roho, maji na damu tu. Hapo ndipo kelele huanza: Wafaransa wameukata Utatu! Ukweli una tarehe. Msomi Erasmus alipochapa Agano Jipya la Kigiriki huko Basel mwaka 1516, hakuweka maneno hayo, kwa kuwa hakuyakuta katika nakala za Kigiriki alizokuwa nazo. Toleo la 1519 pia halina. Yalikuwa yakijulikana katika Kilatini, na baadhi ya wasomi wa kanisa walimjia juu. Kisha akaonyeshwa nakala ya Kigiriki yenye maneno hayo, nakala iliyoandikwa karne ileile ya 16 na ambayo leo iko Dublin, naye akayaingiza katika toleo lake la tatu, 1522. Kutoka hapo yakapita hadi kwenye Biblia nyingi za Ulaya, ile ya Kiingereza ya King James ya 1611 ikiwemo. Mababa wa kanisa waliotetea Utatu kwa Kigiriki katika karne ya 4 hawakuitaja aya hiyo hata mara moja, nao walikuwa wakiokota kila neno lenye msaada. Kwa hiyo fundisho lilikuwepo bila aya, na halianguki aya ikitoka.

Mfano mwingine wa jambo hilohilo la kwanza ni mdogo kwa ukubwa na mkubwa kwa uzito. Katika 1 Timotheo 3:16 Union inasema “Mungu alidhihirishwa katika mwili”. Segond inasema “celui qui a été manifesté en chair”, yaani yeye aliyedhihirishwa. Waandishi wa Kigiriki walifupisha maneno matakatifu: neno Mungu liliandikwa kwa herufi mbili tu, theta na sigma, na mstari juu yake. Neno “ambaye” ni omikroni na sigma. Theta ni duara lenye mstari katikati. Omikroni ni duara tupu. Kwa hiyo tofauti kati ya “Mungu” na “ambaye” ni vistari viwili vya wino juu ya ngozi iliyochakaa. Sinaiticus iliandika “ambaye”, na baadaye msahihishaji akaibadilisha kuwa “Mungu”. Hapa Segond imefuata andiko la kwanza, na Union imefuata la pili.

Lakini asije mtu akadhani kwamba nakala za zamani daima ni fupi na kwamba mchezo wote ni wa kuondoa. Soma 1 Yohana 2:23 katika Union: “Kila amkanaye Mwana, hanaye Baba, amkiriye Mwana anaye Baba pia.” Katika Kigiriki sehemu zote mbili zinaishia kwa maneno yaleyale. Mwandishi anamaliza sehemu ya kwanza, anachovya kalamu, anarudisha jicho kwenye nakala ya mbele yake, na jicho linatua kwenye mwisho wa sehemu ya pili. Anaendelea. Nusu ya aya imepotea, na hajui. Nakala nyingi za baadaye hazina nusu hiyo; ni zile za zamani zilizoihifadhi. Watafsiri wa King James waliichapa kwa herufi tofauti kuonyesha mashaka yao. Anayelaumu tafsiri za leo kwa kupunguza maneno angeshika aya hii kwanza, kwa kuwa hapa zinarudisha yaliyopotea.

Swali linalofuata huwa ni hili: kama nakala nyingi zina neno, si wengi washinde? Tazama vibanda vya fotokopi karibu na vyuo vyetu. Mwanafunzi wa kwanza ana noti za kozi, ila ukurasa wa 12 umebaki nyumbani. Wenzake 100 wanakopi kutoka kwake. Ukiwauliza wote, 100 watakuambia kozi haina ukurasa wa 12. Mmoja aliyekopi moja kwa moja kwa profesa anao. Hao 100 ni shahidi mmoja aliyejirudia. Zipo nakala zaidi ya 5,000 za Agano Jipya la Kigiriki, zikiwemo vipande vidogo, na sehemu kubwa yake ni ya karne ya 9 na kuendelea, nyingi zikiwa za ukoo mmoja. Ndiyo sababu mchambuzi hahesabu vichwa tu. Anauliza nakala ina umri gani, imetoka upande gani wa dunia ya kale, na zaidi ya yote, ni andiko lipi linaloweza kueleza jinsi mengine yalivyozaliwa. Swali hilo la mwisho ndilo lililotufungulia habari ya kufunga.

Wingi huohuo hutumiwa vibaya na pande zote mbili. Mwaka 1707 msomi Mwingereza John Mill alichapa Agano Jipya la Kigiriki akiwa amelinganisha nakala zipatazo 100, na akaorodhesha tofauti karibu 30,000. Wapinzani wa Biblia walishangilia. Lakini kati ya tofauti za namna hiyo, nyingi ni kama jina la Yohana lenye herufi N moja au mbili, au “Kristo Yesu” na “Yesu Kristo”. Kwa upande mwingine wapo wahubiri wanaotangaza asilimia, kwamba maandishi yamehifadhiwa kwa kiwango fulani chenye nukta na desimali. Asilimia hiyo inategemea unahesabu nini: herufi, neno, au aya? N ya Yohana ina uzito sawa na aya 12 za mwisho wa Marko? Namba ya namna hiyo ni pambo la mahubiri. Ni afadhali mtu aseme wazi kwamba kuna sehemu mbili ndefu zenye shida kubwa, Marko 16:9-20 na habari ya mwanamke mzinzi katika Yohana 7:53 hadi 8:11, ambazo hazimo katika Sinaiticus wala Vaticanus, na kwamba kundi moja la nakala limeiweka hata hiyo habari ya mwanamke katika Luka, baada ya 21:38. Habari inayohamahama hivyo ilikuwa ikitafuta nyumba.

Kwenye Marko 16 kuna jambo la usalama. Aya ya 18 ndiyo inayosema watakaoshika nyoka na kunywa kitu cha kufisha hawatadhurika. Mwenye kuifanyia majaribio kwenye mkesha ajue anaweka mwili wa mtu juu ya andiko ambalo vitabu viwili vikubwa vya karne ya 4 havina.

Agano la Kale lina historia yake, na hapa wahubiri wetu hupenda kusimulia nusu. Biblia nzima ya Kiebrania iliyo ya zamani zaidi hadi leo ni kodeksi ya Leningrad, ya mwaka 1008. Lakini kuanzia 1947 yakapatikana mapangoni Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, magombo yaliyoitangulia kwa miaka elfu moja. Gombo kubwa la Isaya lina urefu wa zaidi ya mita 7 na safu 54, na ukiliweka karibu na Isaya wa 1008 utatambua kitabu kilekile, pamoja na tofauti nyingi za tahajia na chache za maana. Hiyo ndiyo nusu inayohubiriwa. Nusu ya pili ni Yeremia. Katika Kigiriki, Yeremia ni mfupi kwa karibu sehemu moja ya nane, na sura zake zina mpangilio mwingine. Zamani ilidhaniwa kwamba mtafsiri wa Kigiriki alikata. Qumran vikatoka vipande vya Kiebrania vinavyofanana na ule mfupi, na vingine vinavyofanana na ule mrefu, katika jumba moja la vitabu. Kwa hiyo Wayahudi wa wakati ule walisoma Yeremia wawili, na hakuna dalili kwamba waliwasha moto kwa ajili hiyo.

Hata Goliathi amefupishwa. Segond na Union zote zinafuata Kiebrania cha kawaida: dhiraa sita na shibiri, karibu mita 2.9. Gombo la Samweli la Qumran, pamoja na tafsiri za kale za Kigiriki na mwanahistoria Josephus, wanampa dhiraa nne na shibiri, yaani mita 2 hivi. Bado ni mtu mrefu kuliko Waisraeli wengi. Hata katika Kadutu sokoni angeonekana juu ya vichwa vya watu.

Sasa jambo la pili, la tafsiri. Isaya 7:14 katika Union ni “bikira atachukua mimba”. Katika Segond ya 1910 ni “la jeune fille deviendra enceinte”. Hapa hakuna neno lililobadilishwa katika Kiebrania: gombo la Qumran na kodeksi ya 1008 zina neno lilelile, almah, msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Watafsiri wa Kiyahudi walioligeuza kuwa Kigiriki kabla ya Kristo waliandika parthenos, bikira, na Mathayo 1:23 akanukuu Kigiriki hicho. Segond amebaki na Kiebrania katika Isaya na ameweka “la vierge” katika Mathayo. Union imelinganisha vitabu viwili ili visikike pamoja. Kila moja ina sababu yake. Aliye na Segond peke yake anaweza kushangaa Mathayo alilitoa wapi neno bikira, na aliye na Union hawezi hata kujua kuna swali.

Jina la Mungu ni vilevile. Herufi nne za Kiebrania zimekuwa “l'Éternel” katika Kifaransa tangu Biblia ya Olivétan ya 1535, na “BWANA” katika Union. Mhubiri akijenga hoja nzima juu ya umilele kwa sababu Kifaransa kinasema “l'Éternel”, mkalimani anayetoa “Bwana” amemwacha peke yake hewani, na kosa si la mkalimani.

Jambo la tatu, la lugha, ndilo linalopuuzwa, ingawa ndilo linaloumiza zaidi benchi la nyuma. Union ilisimamishwa juu ya Kiswahili cha pwani, cha Unguja, baada ya kuwepo kwanza Biblia ya Zanzibar ya 1891 na ya Mombasa ya 1914. Aya ileile ya Timotheo inaanza na “siri ya utauwa ni kuu”. Isome kwa sauti Bagira, kwa mama ambaye hakusoma Kiswahili cha shule. Anasikia “utaua”. Siri ya kuua! Kifaransa kilisema “piété”, jambo ambalo mtu wa hapa angeliita kumcha Mungu. Katika Wagalatia 5:23 tunda la Roho linaishia kwa “kiasi”, na sokoni kiasi ni kipimo cha unga. Segond ina “tempérance”, kujizuia. Hapa maandishi ya kale hayana shida yoyote. Tafsiri zilizofanywa kwa Kiswahili cha Kongo zipo kwa ajili hiyo, na anayezidharau kwamba ni Kiswahili kibovu anachanganya heshima ya Neno na heshima ya lafudhi ya Unguja.

Kazi inayoweza kufanyika si kubwa. Mhubiri ampe mkalimani aya zake Jumamosi. Wakae na vitabu vyote viwili, waweke alama palipo na mabano katika Union, na waangalie kama Segond ina aya hiyo na kwa sura gani. Penye tofauti waulize ni ipi kati ya zile tatu. Wakiwa na toleo la Kifaransa lenye maelezo chini ya ukurasa, kama TOB, tafsiri ya pamoja ya Wakatoliki na Waprotestanti, robo tatu ya kazi imekwisha. Mkalimani asome kutoka kitabuni, asitoe kichwani, hasa aya anazozijua sana. Hizo ndizo zinazoteleza. Na penye mabano aseme kwa mdomo, sentensi moja tu: maneno haya hayamo katika baadhi ya nakala za kale. Waumini hawatakimbia. Watu wanaoishi Bukavu wamezoea kusikia habari moja kwa midomo mitatu na kujua ipi imeongezwa chumvi.

Tofauti moja wanaisikia tayari, bila kuambiwa. Nenda kwenye matanga yenye Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, usikilize Baba Yetu. Wanasali kwa sauti moja hadi kwenye ombi la kuokolewa na uovu. Hapo Wakatoliki wanasema amina na kunyamaza, Waprotestanti wanaendelea, “kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele.” Maneno hayo hayamo katika Mathayo ya Sinaiticus wala ya Vaticanus. Union inayo ndani ya mabano, Segond ya 1910 inayo bila alama. Yalisaliwa mapema sana, kwani Didake, kijitabu cha Wakristo wa kwanza, kina umbo lake fupi, lenye nguvu na utukufu bila ufalme. Wakatoliki nao wanayasema kwenye misa, ila baada ya padri kuingiza sala yake katikati. Kwenye matanga padri hayupo kila mara, basi nusu ya uwanja inanyamaza na nusu inamalizia.